Muhula Wangu kwa Msanifu

Jumatatu, 4 Machi

Nimepangiwa mlezi! Sisi wa mwaka wa mwisho wa usanifu majengo, kila mmoja anapewa mtu wa kazini wa kumwongoza mpaka muhula uishe. Wangu ni Msanifu — yuleyule aliyechora maktaba ya watoto, ile yenye madirisha ya chini, usawa wa macho yao. Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Profesa kwa kupenda kwake kutoa nasaha, kasema nisizubae, niombe kazi mapema.

Alhamisi, 14 Machi

Msanifu kanipeleka kwenye ujenzi. Katika mchoro wangu ngazi ilikuwa nyembamba, hakunisema. Kanipa ndoo ya maji nipande ngazi ya muda ya mafundi, upana uleule niliochora, na fundi mmoja ashuke na yake. Tukakwama katikati, tumbo kwa tumbo. Maji yote viatuni! Msanifu kacheka mpaka akashika ukuta. "Umeona, mdogo wangu? Ngazi ni watu, si mistari."

Mdogo wangu. Mimi kifungua mimba, nyumbani wote wananiita dada. Sijawahi kuwa na wa kunitangulia.

Ijumaa, 22 Machi

Kimya. Nimemwandikia Msanifu, hajibu. Nimeandika tena, nikafuta. Sitaki kuwa kupe.

Jumanne, 26 Machi

Kajibu! Alisafiri. Kanirudishia mchoro umejaa kalamu nyekundu, na pembeni ya dirisha moja: hili zuri. Nimelisoma mpaka Profesa kauliza kama ni barua ya mchumba.

Jumanne, 16 Aprili

Hafla ya kujuana na watu wa fani. Ukumbi umejaa suti. Msanifu kanishika kiwiko, tukazunguka. Kaninong'oneza nisiombe kitu, niulize tu mtu anajenga nini. Nikamuuliza mkurugenzi mmoja, kampuni yake iko mji wa mbali. Anajenga shule. Tukaongea madirisha hadi soda yangu ikaisha gesi!

Nilipofuata maji, nikamsikia Msanifu nyuma ya nguzo. Rafiki yake kamuuliza kama mimi ndiye wa mwaka huu. Ndiyo, kasema. Kila mwaka analetewa mmoja, anamzoea. Huyo akishapata kazi, humkumbuka Msanifu siku tu anapotaka barua ya utambulisho. "Huyu naye ataruka tu."

Hakusema kwa hasira. Hapo ndipo paliponichoma.

Jumatano, 24 Aprili

Nimepata kazi. Kwa yule mkurugenzi! Profesa karukaruka kitandani mpaka chaga imelia. Mama kwenye simu kapiga vigelegele, wadogo zangu wakadakia.

Nikamwandikia Msanifu. Jibu: "Hongera. Kila la heri." Nimetafuta "mdogo wangu". Haimo.

Ijumaa, 3 Mei

Mpango wa walezi umefungwa rasmi. Profesa anashangaa ninavyonuna — si nimepata nilichokifuata?

Nilichokifuata. Leo nimepita posta, ngazi yao ina kibaraza katikati, bibi mmoja kakaa anapumzika na mfuko wake. Nimegeuka kumwonyesha mtu. Hakuna mtu. Niliyemgeukia ni Msanifu.

Jumatatu, 6 Mei

Naandika nikiwa mapokezi, ofisini kwake. Kesho nasafiri kwenda kazini. Sikuomba miadi.

Dada wa mapokezi kauliza shida yangu. Sina shida, nikamwambia. Kanitazama juu mpaka chini. Barua ya utambulisho? Hapana. Sahihi? Hapana. Hapa kila mtu huja na shida, kasema, sasa yeye aseme nini huko juu?

"Mwambie nimekuja kumsalimu. Na kuna ngazi posta nataka aione."

Kapiga simu. Kasema neno kwa neno, hata ngazi. Kisha kabaki na kipokezi sikioni, akipekua daftari la wageni. Bora ningeandika tu. Bora ningekaa zangu bwenini.

"Bado upo, bosi?" dada kauliza simuni.

Akasikiliza. Akaweka simu chini taratibu.

"Yuko na wateja, hawezi kushuka sasa." Kisha, kama asiyeamini mwenyewe: "Kasema nikuzuie usiondoke."

Mlango wa juu umefunguliwa. Kuna viatu vinashuka ngazi — vya wateja au vyake, sijui —