Mwende Anajua Wimbo Ukiisha

Jumanne, 7 Machi 1978

Mwende wangu anajua wimbo ukiisha! Na miaka mitatu hajafikisha. Nilikuwa napepeta kunde huku namwimbia alale. Mbuzi akakata kamba, nikaacha wimbo katikati, nikakimbia. Kurudi, mtoto yuko macho, analia. Nikaimba mstari wa mwisho tu, ule wa kushusha sauti. Akalala papo hapo. Mtoto wa nani huyo? Wangu.

Ijumaa, 10 Machi

Nimemjaribu tena. Nikikatia njiani, ananung'unika. Nikimaliza, anatulia. Mama mkwe anasema ni njaa. Njaa gani, na amekula muthokoi mpaka tumbo likawa ngoma?

Jumapili, 12 Machi

Aibu, lakini nimecheka. Mwalimu Kilonzo wa kwaya yetu alikata kiitikio cha mwisho ili mahubiri yaanze mapema. Tukaketi. Kimya. Mwende akasimama juu ya benchi: "Bado!"

Kanisa zima likacheka. Mwalimu, hapana. Amesema siku wageni wa Kalamba watakapokuja kanisani kwetu, mtoto abaki nyumbani. Nikamwambia akibaki, nabaki naye. Nimeumia. Kalamba ndiko kwetu. Mama anakuja na hao wageni, na hajawahi kunisikia nikianzisha wimbo. Wala Mwende hajamwona.

Jumatano, 15 Machi

Mazoezi. Nimeenda na Mwende mgongoni, kwa ukaidi tu. Mwalimu akasema, "Mama Mwende, huyo amekariri nyimbo zako, basi." Akatunga wimbo palepale, mambo ya kuku na mtama. Mistari mitatu, akanyamaza.

Mwende akamwangalia. Akangoja. Kisha akaimba wa nne mwenyewe. Maneno hayakuwa maneno, lakini sauti ilishuka ikatua pale pale inapotakiwa. Hakuna aliyemfundisha. Ni kusikia tu tukiimba, mimi nikitwanga, nyanya yake akipalilia. Nilivimba kama andazi.

Mwalimu akajikuna kichwa. "Kiitikio tunarudisha," akasema. "Huyu atanikosoa mbele ya wageni. Na akae na nyinyi, nimwone."

Alhamisi, 23 Machi

Manyunyu tangu asubuhi. Nimefua gauni lake la manjano, liko juu ya kamba jikoni. Mama ametuma neno kwamba mguu uliokuwa ukimzuia kusafiri umepona, anakuja. Mama mkwe amechagua jogoo wa kumchinjia bila kuombwa. Mimi nimetulia. Watu wa Kalamba, Mama, wote wanafika Jumapili hii ya Pasaka.