Tumemsimika Mvulana Katika Chama cha Wasichana

Mpendwa Bi Mathilda, nakuomba unisaidie haraka maana nimeharibu, tena nimeharibu mbele ya watu wakiwa wameshika mishumaa, na jina langu usilitoe gazetini kwa sababu mama husoma ukurasa wako kabla hata ya matangazo ya parokia.

Mimi ni mwenyekiti wa chama cha heshima cha wasichana wanaofaulu vizuri katika chuo kimoja kinachoendeshwa na mapadri hapa Wisconsin. Wavulana wenye alama za juu walikuwa na chama chao, wasichana wakaomba kuingia wakakataliwa, basi mwaka 1926 wakaanzisha cha kwao, na mpaka leo, 1971, wavulana bado wanakataa, mimi mwenyewe niliwapelekea ombi wakanijibu eti nina mwandiko mzuri.

Sasa desturi yetu ni hii: Ijumaa moja ya Kwaresima watu wakiwa bwaloni wanakula samaki wa kukaanga, taa zinazimwa, tunaingia na majoho na mishumaa, kimya kabisa, mwenyekiti anapita nyuma ya viti, anamwekea mkono begani aliyechaguliwa na kumwambia, "Simama, dada, wewe ni wetu," na ukishaguswa umeguswa, katiba yetu haina kurudishana. Nafasi ya mwisho ilikuwa ya Bernadine Novak, anayemaliza chuo mwezi wa tano, na kiti chake nilikijua, ila kofia ya joho ilinishukia mpaka puani, nikaona nywele ndefu za dhahabu, nikaweka mkono, nikasema maneno, akasimama Kevin Schlaefer.

Kevin! Mwanamume mzima! Kumbe Bernadine alikwenda kuongeza kabichi, Kevin akajikalia pale na sahani yake, bwalo zima likapiga makofi, nikamnong'oneza, "Kaa chini, bwana we!" akajibu kwa sauti, "Sikai ng'o, nimeguswa!"

Nilidhani atajiondoa, wapi! Anahudhuria vikao vyote, tena anawahi, beji yetu kaibandika kwenye koti la jinzi, kajiingiza kamati ya keki, na mama yake kawapigia simu shangazi wote. Roger Mulcahy, mwenyekiti wa wavulana, anakuja kunifokea kila siku, "Tupeni mtu wetu!" maana Kevin ndiye aliyeongoza chuo kizima kwa alama, askofu anakuja kumvalisha nishani yao, na wao hawaruhusu mtu mwenye chama kingine. Ningemrudisha hata leo, lakini mtu akijiuzulu kwetu nafasi yake haijazwi mpaka mwaka unaofuata, na Bernadine atakuwa ameshaondoka. Mama yake alishamshonea gauni la sherehe yetu ya Mei. Bernadine hanisemeshi, mezani ananipitishia chumvi bila kunitazama, nami nakwenda kulia bafuni. Nifanyeje?

Mwenyekiti Aliyechanganyikiwa

Mwanangu mwenyekiti,

Pole. Sasa futa machozi ukajifunze kuvaa joho. Unaongoza wasichana wenye akili kuliko wote chuoni, halafu unamtambua mtu kwa kisogo? Mwaka huu, wanaume nao wanafuga nywele? Mpiga kinanda wa parokia yetu ana nywele mpaka kiunoni, na ni babu wa watu!

Kwanza kabisa, leo hii, nenda kwa Bernadine. Mwombe radhi kwa kinywa chako, na usimwachie biskuti mlangoni ukakimbia. Mwambie umemkosea na kwamba utapigana. Huko kulia bafuni kunamsaidia nani?

Tukija kwa Kevin, wewe unamwona mkosi, mimi nakuonea wivu. Wale wasichana wa 1926 waliomba kwa adabu zote, wakasifiwa, wakaonyeshwa njia ya kutokea. Tangu hapo hamjawahi kuwa na kitu ambacho wavulana wanakitaka. Leo mnacho, kinapaka keki sukari, nawe unataka kukirudisha bure? Una wazimu, mwanangu?

Roger akija kufoka, mkaribishe kahawa. Mwambie, "Kaka Roger, Kevin ni wetu na tunampenda. Nyinyi mchukueni Bernadine, ndipo tuzungumze." Atakwambia katiba yao hairuhusu. Mwambie katiba iliandikwa na watu, waitwe watu waibadilishe. Atakwambia mapadri watakasirika. Mwambie, vizuri sana, basi mapadri hao ndio watakaomweleza askofu kwa nini kijana bora wa chuo kavalishwa beji na wasichana. Hapo kahawa itampalia. Mpige mgongoni, uendelee.

Ila shika neno langu: Kevin asijiuzulu hata dakika moja kabla Bernadine hajaguswa bega, bwaloni, hadharani, taa zikiwaka. Wakisema watamfikiria mwakani, waambie Kevin naye atafikiriwa mwakani. Na huyo Kevin mwulize mwenyewe, si gunia la viazi. Akitaka kubaki hata baada ya hapo, mwacheni, mtu anayewahi vikao hafukuzwi.

Na wakigoma kabisa? Usipige kelele. Waachie wenzako wa mwakani maagizo haya: wazime taa wiki moja kabla wavulana hawajachagua watu wao, wapite nyuma ya viti, wamguse kila kijana aliyefaulu vizuri, mpaka Roger na wenzake wabaki na chama kisicho na hata mtu mmoja wa kumvalisha nishani. Askofu akiuliza wako wapi, aelekezwe kwa dada zao.