Chukua Mchi, Rukia

Mjukuu wangu Rukia,

Hapa ughaibuni Garland tu wazima. Mama yako yuko zamu kule ghalani, mimi niko na televisheni.

Unasema kijiji hicho cha msituni, kisiwani Kalimantan, hakikauki mvua, nyumba zimesimama juu ya nguzo, na wenyewe wanatwanga mpunga wewe umekalishwa mkekani, mgeni. Eti urudi? Usinichekeshe.

Nilipoolewa Usambara sikujua Kisambaa, wakwe wakaniacha barazani. Nikabeba jembe, nikawafuata shambani.

Wifi akauliza, “Nani kakuita?”

“Kwani nitakula kwa nani?”

Wakacheka, wakanipa tuta langu.

Kachukue mchi. Mimi hapa nikigusa kikombe nikioshe, mama yako ananiambia, “Pumzika, Mama.” Nimepumzika mpaka nimechoka.

Bibi yako