Wakiuliza Kazi Yangu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimekutana na jirani mupya kwenye bomba la maji. Anaitwa Bilali. Tumesalimiana vizuri, na papo hapo: "Papa, unafanya kazi wapi?" Nikasema niko tu hapa Kabondo. Akangoja. Watu wanangoja jibu lingine! Baada ya Pasaka bosi alifunga depo, ile ghala nilikofanya kazi, akarudi kwao Butembo. Miaka yote ile nilikuwa Papa Élie wa depo. Sasa niko Papa Élie wa nini? Nikajaza bidoni langu maji, nikaenda.

Jumanne, 3 Juni

Mke wangu Georgette amerudi sokoni na habari. Familia ya Noël, mchumba wa binti yetu Exaucée, wanakuja Jumamosi kutoka Yanonge. Nimefurahi sana. Halafu akashusha sauti: amewaambia mimi ni chef de dépôt, mkuu wa depo. Mpaka leo. "Usinikatalie mbele ya wageni, Élie. Watu wakija kuoa wanauliza kazi ya baba." Hana ubaya, ananifichia aibu. Lakini aibu gani? Mimi?

Alhamisi, 5 Juni

Mvua tangu asubuhi. Nimepiga pasi shati la depo. Kola ingali nzuri. Nimelivaa mbele ya kioo — nikalivua.

Ijumaa, 6 Juni

Exaucée alikuwa anachambua mchele uani. Nikakaa karibu naye. Nikamuuliza kama mchezo: Noël alipotaka kujua baba yako ni mutu gani, ulisema nini? Nilidhani atataja depo. Hakuinua hata macho. "Nilimwambia papa anacheka wakati hadisi yake haijaisha, na sisi wote tunacheka bila kujua mwisho."

Basi. Akaendelea na mchele wake. Mimi nikabaki pale. Hakusema chef!

Jioni Georgette akanikumbusha: niseme chef mara moja tu, kisha tugeuze mazungumzo. Nikasema nimesikia. Kusikia si kukubali, lakini hilo sikulisema.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika haraka, chumbani. Wageni wako sebuleni. Nimesema nakwenda kuleta kiti.

Leo Georgette aliamka mkono umevimba, hawezi kushika mchi. Exaucée alikuwa amekwenda kusukwa. Nikaponda mwenyewe lituma, zile ndizi za kupondwa za wageni, mpaka shati likalowa. Georgette akacheka kidogo. Halafu akaninong'oneza: wageni wasijue ni wewe umeponda.

Wamefika wazazi wa Noël, Papa Nicolas na Mama Simone, na Noël mwenyewe na tai yake. Watu wa mto, wanaongea polepole. Wameleta samaki wa moshi, harufu imejaa nyumba! Tukala vizuri. Papa Nicolas akafuta midomo, akaniita mkwe kabisa: "Bon, bokilo wangu, kazi inaendelea?"

Georgette akaniangalia. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Likakataa kutoka.

"Depo ilifungwa, bokilo. Tangu Pasaka sina kazi."

Georgette akaanza kuokota sahani ambazo watu hawajamaliza. Nikasikia kandambili zake mpaka jikoni. Noël anaangalia viatu. Exaucée ananiangalia mimi, haondoi macho.

Papa Nicolas hakusema pole. Akajiongezea chakula. "Donc, basi mama ndiye anabeba nyumba. Na lituma hii, kweli anaiweza!"

Ningeweza kunyamaza.

"Hiyo nimeponda mimi."

Mama Simone akaacha mkono hewani. "Weye? Uliponda zingali moto?" Nikasema zingali moto, angalia vidole. Akavishika, akavigeuza kama mutu anayenunua kitu sokoni. Hakucheka. Papa Nicolas ndiye alianza — kucheka ao kukohoa, sijajua bado. Hapo ndipo nikasema nakwenda kuleta kiti.

Nimekaa kitandani. Sijutii. Georgette hajatoka jikoni. Atanisemesha leo? Kesho?

Sasa nasikia Mama Simone amesimama. Anauliza jikoni ni wapi. Exaucée anamwambia: mama, keti, nitakuletea. Hakai. Mlango wa jikoni unafunguka. Maneno ya chini chini. Halafu sauti ya Georgette, ile ya kusalia kanisani: "Mama, ile habari ya depo, mimi ndiye —"

Kiti kiko mkononi. Niende, ao ningoje amalize?