Ombi la Momela Lililokwama Kwenye Foleni

Sokon I, Arusha
Oktoba

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute una nguvu za kuingia shambani na kumkaripia yule mbuzi wa jirani. Mimi mzima, isipokuwa kifua kidogo kwa sababu ya vumbi, maana mvua za vuli huku zimechelewa na mtaani kwetu gari likipita huoni duka la ng'ambo ya barabara. Mama ameniambia goti limeanza tena na kwamba dawa ya kuchua unaificha nyuma ya redio. Jichue, Baba, dawa haifanyi kazi ikiwa ndani ya chupa. Na sikio je? Juzi nilipopiga simu nilipaza sauti mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna ugomvi, na wewe ukanijibu kwamba ndizi zimeshaiva. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Mama anasema baada ya simu ile ulimuuliza, "Huyu mtoto kagombana na nani?" Nimegombana, Baba. Nimegombana karibu na kila mtu, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana najua hapo nyumbani unawaambia watu natengeneza kompyuta. Sitengenezi. Kampuni yetu ndogo hapa mjini ilipewa kazi ya kuunganisha mifumo miwili. Mmoja ni wa zahanati zilizozunguka Mlima Meru. Nesi akizidiwa na mgonjwa anajaza ombi la gari la wagonjwa kwenye simu ya zahanati, anabonyeza, basi. Mwingine ni wa madereva wa magari hayo, nao umetengenezwa na vijana wa kampuni nyingine iliyoko Dar. Mifumo hii haiongei moja kwa moja. Katikati kuna foleni. Ombi likitoka kwa nesi linakaa kwenye foleni, ndani ya kompyuta za kukodi zilizoko nchi za mbali ambazo watu wanaziita wingu, mpaka mfumo wa madereva uje ulichukue na kusema nimelipata. Usiposema hivyo, foleni inajua halijafika, inalitoa tena. Mtandao wa huku mlimani unakuja na kuondoka, kwa hiyo bila foleni maombi mengi yangepotea njiani. Mimi ndiye ninayeitunza. Siku ya kawaida haina hata ombi moja linalosubiri, yote yamepita.

Ubaya wake ni kwamba foleni yetu inafuata mpangilio, aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Ombi la mbele likiwa na kasoro na mfumo wa madereva ukashindwa kulisoma, linarudi pale pale mbele, linatolewa tena, linashindwa tena, na yaliyo nyuma yake yote yanasubiri. Dawa yake inajulikana na kila mtu wa kazi hii. Unatenga sehemu ya pembeni, ombi likishindwa mara kadhaa linasogezwa huko, mtu anaitwa aliangalie, na mengine yanapita. Niliiomba tangu tunaanza. Bwana Kessy, mkurugenzi wetu, akanijibu, "Editha, wazo zuri sana, tutaliweka awamu ya pili." Awamu ya pili, Baba, ndiko mawazo mazuri yanakopelekwa kuzikwa.

Basi Jumanne moja mwezi uliopita, vijana wa Dar walibadilisha kitu kwenye mfumo wao bila kutuambia. Kuanzia asubuhi hiyo umri wa mgonjwa ukawa lazima uandikwe kwa namba. Nesi wa zahanati moja karibu na Maji ya Chai, kwenye nafasi ya umri, akaandika "mtu mzima", kama alivyoandika siku zote. Mfumo wa madereva ulipoyafikia maneno hayo ukaanguka. Ukainuka, ukachukua ombi lile lile, ukaanguka tena.

Mimi kwenye meza yangu nikaona maombi yanayosubiri yanaongezeka. Nikampigia Rajabu, kiongozi wa vijana wale.

"Upande wetu uko sawa, dada," akasema.

"Uko sawa vipi na hamchukui kitu?"

"Taa zote kwangu ni za kijani. Angalieni foleni yenu."

"Foleni inatoa ombi, ninyi mnaliangusha. Nasema ninachokiona."

"Basi jaza kwenye mfumo wetu wa malalamiko. Litashughulikiwa siku hii hii ya kazi."

Nikampigia Bwana Kessy. Alikuwa kikaoni Moshi, simu imezimwa. Na utaratibu wa kampuni, ambao yeye mwenyewe aliuandika, unasema ombi haliondolewi kwenye foleni bila idhini yake, wala mtunza foleni hafungui kusoma yaliyomo, maana ni siri za wagonjwa. Kazi yangu ni kuyahesabu tu. Nikakaa nikiyahesabu, na Rajabu akiwa na taa zake za kijani. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Halafu nikafungua.

La kwanza lilikuwa la yule mtu mzima, aliyeanguka kwenye mti na kuvunjika mguu. La pili mtoto mwenye degedege. Yaliyofuata yalitoka zahanati moja upande wa Momela, na yalikuwa na maneno yale yale, ombi baada ya ombi: amejifungua, damu haikatiki, tunaomba gari. Nesi alikuwa anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena.

Nikapiga namba ya zahanati hiyo. Akapokea nesi anayeitwa Elifuraha. Sikuwahi kumwona, lakini sauti yake naijua sasa kuliko ya mtu yeyote wa mji huu.

"Gari liko wapi?" akaniuliza kabla sijajitambulisha.

"Nesi, maombi yako hayajafika kwa dereva. Yamekwama kwetu."

"Yamekwama? Hapa imeandikwa imetumwa. Kila nikibonyeza inaniambia imetumwa." Nyuma yake nikasikia mtu akilia polepole kwa Kimeru. "Mlipokuja kutufundisha mlituambia tuache kupiga simu kwa madereva, eti tunawachanganya. Namba zao mkazitoa ukutani. Sasa huyu mama nimemminya tumbo mpaka nimechoka mikono, nimeweka dripu ya mwisho. Niambie nifanye nini."

Dripu mimi siijui, Baba. Nilimwambia, "Usikate simu, nampigia dereva kwa simu nyingine."

Dereva wa upande ule ni Bwana Loti, mtu wa makamo, mpole. Alipokea mara moja.

"Niko hapa Maji ya Chai nakunywa chai tangu asubuhi," akasema. "Simu kimya. Nikajua leo watu wamepona."

Nikamweleza. Sikumaliza, nikasikia mlango wa gari unafungwa. Njia ya kwenda kule inapita hifadhini na ni mbovu, na mara moja alinipigia kusema amesimama kwa sababu twiga wako katikati ya barabara na hawataki kuondoka. Nikamwambia apige honi. "Nimepiga," akasema, "wananiangalia tu." Mimi nikawa na simu moja kila sikio, huku nesi anauliza amefika wapi, huku dereva anawasubiri twiga.

Twiga walipoondoka nikaigeukia foleni. Nikaipigia zahanati ya yule mtu mzima. Wakaniambia jirani yake alishampakia kwenye pikapu na wamefika hospitali zamani. Kumbe ombi lililowazuia wote lilikuwa halihitajiki tena. Nikalinakili pembeni, nikaliondoa. Mtoto wa degedege, baba yake alishamkimbiza kwa bodaboda, naye alipona. Lakini mara tu nilipoliondoa lile la mbele, maombi yote yaliyolundikana yakamwagika kwa madereva kwa mpigo. Bwana Loti yalimfikia kwa kuchelewa, mtandao ulipotulia, akanipigia akiwa njiani kurudi na mgonjwa ndani.

"Dada, simu inaniambia nikamchukue huyu huyu niliyembeba. Na tena. Na tena. Niizime?"

"Izime, Bwana Loti. Endesha."

Mama yule alifikishwa hospitali akiwa bado anazungumza. Walimwongezea damu, akalala wodini siku kadhaa, akarudi nyumbani na mtoto wake wa kiume. Jina lake sikuandikii, maana kuhusu siri za wagonjwa nimeshasemwa vya kutosha.

Alhamisi Bwana Kessy aliniita ofisini. Nilidhani ananiita tuzungumzie sehemu ya pembeni. Mezani palikuwa na barua ya onyo yenye jina langu. Nimefungua taarifa za wagonjwa bila idhini. Nimeondoa ombi bila idhini. Nimewasiliana na dereva nje ya mfumo.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" nikamuuliza.

"Editha, hilo silo swali. Tukiachia kila mtu afungue anachotaka, mkataba unavunjwa. Mimi najua ulikuwa na nia njema. Saini tu, iingie kwenye faili, tuendelee."

"Na Rajabu amepewa barua?"

"Rajabu si mfanyakazi wetu."

Sikusaini. Sikuwa jasiri, Baba, usije ukajisifu huko kwa wazee wenzako. Mkono ulikataa tu. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu, nikatoka nikaenda chooni nikalia kwa hasira, kisha nikarudi mezani, na jioni ile ile nikaiweka sehemu ya pembeni bila kuuliza mtu. Kazi niliyoambiwa isubiri awamu ya pili ilinichukua jioni moja na chai. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko barua.

Jumamosi nikamwomba Bwana Loti anipeleke kule. Nilitaka kumwona Elifuraha. Ni mwanamke mfupi, kijana kuliko nilivyofikiri, na alinipokea bila tabasamu. Ukutani nyuma yake namba za madereva zilikuwa zimeandikwa upya kwa kalamu nene, herufi kubwa. Akanishika mkono, akanipeleka nyumba ya tatu kutoka zahanati.

Yule mama alikuwa amekaa juani, midomo bado myeupe, ananyonyesha. Mama mkwe wake alikuwa anamenya ndizi za supu ya mtori. Akaniuliza mimi ni nani. Nikatafuta neno. Ningesema natunza foleni ya ujumbe kwenye wingu angenifukuza.

"Mimi ni wa mfumo," nikasema.

"Ule ulioharibika?"

"Ndiyo, mama. Ule."

Akaniangalia. Elifuraha hakunisaidia. Kisha yule bibi akasogeza kigoda kwa mguu, akanipa kisu. "Menya," akasema. Nikakaa nikamenya ndizi nao. Hakuna aliyenishukuru wala aliyenilaumu. Mtori ukaiva tukala. Nilipokuwa naondoka, yule mama mzazi ndiye aliyesema neno, kwa sauti ndogo: "Siku ile nilisikia nesi anaambiwa usikate simu. Nikasema kumbe kuna mtu."

Jumatatu nikaingia kwa Bwana Kessy na barua yake, haina saini.

"Sisaini," nikamwambia, "kwa sababu hapa panasema sitarudia. Nitarudia. Ombi likikwama kesho nitafungua na nitapiga simu. Kama hilo ni kosa, niandikie ya kunifukuza, hiyo nitasaini."

Aliisoma tena barua yake. Si mtu mbaya, Baba, ni mtu anayeogopa. Mwishowe akaikunja ile karatasi, akaiweka kwenye droo. Hakuichana. Akasema, "Basi andika utaratibu. Ombi lisipochukuliwa kwa dakika chache, nani anapiga, anampigia nani, anasoma nini na hasomi nini. Nitaupeleka kwa wenye mkataba."

Nikauandika. Wameukubali. Vijana wa Dar nao sasa wanalazimika kutuambia kabla ya kubadilisha chochote, ingawa Rajabu bado anasema upande wao ulikuwa sawa. Elifuraha anabonyeza, kisha anapiga simu vilevile, na hakuna anayemkataza.

Lakini utaratibu unahitaji mtu wa kushika hiyo simu, siku za kazi na sikukuu, na mtu anayeijua foleni ni mimi peke yangu. Nimepiga kelele mpaka Bwana Kessy amekubali kuajiri wa pili, na nitaanza kumfundisha Januari. Hiyo maana yake, Baba, Desemba sitakuja. Najua Mama ameshaweka kando senene wangu wa kukaanga na ameshamwambia kila mtu kanisani. Nimekasirika kuliko atakavyokasirika yeye. Ila nikifikiria simu inaita Momela siku ya Krismasi na mimi niko huko nyumbani Muleba nakula ndizi, naona sitaweza kumeza. Pasaka nitakuja, na nitakaa hadi mnichoke.

Mwambie Mama pole pole, na si mbele ya shangazi. Nisalimie kaka yangu mkubwa wa duka la dawa za mifugo, na mke wake anayenitumia kahawa kwa mabasi. Msalimie shangazi wa kanisani, yule wa kwaya, na mwanangu wa ubatizo, mwambie viatu vyake nitamtumia kwa basi. Na mwalimu jirani anayekusomea barua hizi, mpe shikamoo yangu, na umwombe sehemu ya Desemba aisome kwa sauti kubwa, maana ukiisikia vibaya utaniwekea kitanda bure.

Wako anayekukumbuka kila asubuhi akinyunyizia mkate sukari kama ulivyomzoesha,

Editha