Kwa Baba Kahindi, Uliyetufundisha Kugonga Jiwe

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu presha ikuchukue kabla hujamaliza chai yako. Tumejaribu kutulia, hatujaweza. Mama hupanga viti upya kila Jumamosi, Elvis amebadilisha kazi mara mbili, na mimi Priscah nimepewa kalamu kwa sababu, eti, nina mdomo.

Ulikuwa hodari wa kila chuma. Pale karakanani Shimanzi malori yalitikisa mabati kutwa nawe hukugeuza shingo. Kitu kimoja tu ulikiogopa: ile grainda ya mezani, na mawe yake mawili yanayozunguka. "Huyu si paka," ulituambia. "Msimpapase." Tulikucheka sana. Mtu mwenye mikono kama milango ya godauni anaogopa kitu kinachokaa juu ya meza.

Hukunoa hata patasi ya mtoto bila miwani yako, ile iliyofungwa kwa uzi wa kiatu. Glavu ulizipiga marufuku. Jiwe likishika glavu, ulisema, haliulizi mkono ni wa nani. Siku nilipokuja na nywele za kusuka zinazofika kiunoni, ulinivika kofia yako inayonuka oili mbele ya wateja wote. "Mamangu, urembo uache nje. Utaukuta."

Kile chuma cha kuegemezea kazi ulikisogeza karibu na jiwe mpaka pakabaki unene wa sarafu. Ukishawasha, ulisimama pembeni dakika nzima, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

"Kahindi, unaisalimia?" mwenzako Musyoka alikuuliza kila siku.

"Naipa nafasi ya kunikosa," ulimjibu kila siku.

Na jiwe jipya hukulifunga kabla ya kulitundika kidoleni na kuligonga kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hukohoa. "Likikohoa, tupa. Likipasukia mbioni halichagui shavu." Mimi nilikuwa na haraka siku zote, nawe hukuchoka kunirekebishia methali: "Haraka haraka haina jicho, Priscah."

Mawe ya akiba uliyalaza nyumbani Bondeni, chini ya kitanda, yamefungwa kwa leso, yasipate unyevu wala kuangushwa. Mama aliwaambia majirani kwamba ana mke mwenza, mzito, asiyeosha vyombo.

Ulipoondoka, grainda ilifunikwa gunia. Mama alitaka iuzwe. "Ilimkosa babako miaka ishirini. Sitaki ije kumpata mwanangu." Nilimbembeleza mwaka mzima, Baba, unajua nikianza siachi. Wiki jana akakubali, kwa sharti kwamba awepo aone ninavyoiwasha. Nikalitoa jiwe la mwisho chini ya kitanda, tukaenda Shimanzi: Mama, Elvis, mimi, na jirani yetu Bi Khairiya, aliyekuja kumshika Mama mkono.

Musyoka alikuwa ameshafungua mashine. Nilikuwa nimelinyanyua jiwe nilitundike kidoleni.

"Lifunge tu," Elvis alisema. "Jiwe kalala nalo Baba mwenyewe. Utalikagua wewe kumshinda yeye?"

Hata Musyoka aliona sawa. Na mimi, niseme kweli, niliona sawa. Niligonga kwa kukuigiza tu, ili Mama acheke. Nikatunisha tumbo, nikakunja uso wako, nikalitundika kidoleni, nikachukua bisibisi.

Kho.

Nikageuza, nikagonga upande wa pili. Kho.

Hakuna aliyecheka. Kwa macho jiwe halikuwa na alama hata moja. Ndipo Bi Khairiya alipojishika shavu. "Mwanangu, jiwe hilo nalijua."

Ilikuwa siku ya matanga yako. Figa la tatu lilikuwa fupi, sufuria ya pilau ikainama. Bi Khairiya aliingia chumbani kutafuta leso, akaikuta leso imefunga jiwe zuri la mviringo. Akalipachika juu ya lile figa fupi, likakaa motoni asubuhi hadi alasiri. Alipomaliza alilimwagia maji baridi lipoe haraka, akalisugua kwa sabuni, akalirudisha kwenye leso yake, kwa adabu zote.

"Mimi niliona jiwe," alisema kwa sauti ndogo. "Sikuona mashine."

Mama alimtazama. Akanitazama mimi usoni, jicho moja, kisha la pili, kama anayehesabu kama yote yapo. Tukadhani sasa grainda inauzwa. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka kikawa kilio, Bi Khairiya akamshikilia. Alipopata pumzi alisema, "Nendeni Makupa mkanunue jingine. Na mligonge hukohuko dukani."

Tuligonga, muuzaji akitutazama kama watu waliopungukiwa na akili. Likalia, Baba. Likalia mpaka mteja mwingine akageuka.

Juzi tuliiwasha. Mama alivaa miwani yako, uzi wa kiatu ukimning'inia shingoni, kisha akatupanga sote pembeni, pale sakafu ilipolika kwa kusimama kwako. Mikono nyuma. Dakika nzima, mimi nisiyeweza kukaa kwenye kiti mpaka chai ipoe. Ikanguruma, ikatukosa sote. Halafu nikanoa patasi yako.

Leo Bi Khairiya anatupikia tena. Jiwe lililokohoa liko chini ya sufuria yake, safari hii kwa ruhusa.

Unakumbukwa na mkeo Zilpah, wanao Elvis na Priscah, mkweo Joy, mwenzako Musyoka, na Bi Khairiya wa pilau. Kila tutakapogonga jiwe, Baba, tutakuwa tunakukumbuka.