Usimlete Yaoyao Wakati wa Barafu

Harbin, mwisho wa Aprili

Kwa binti yangu Cuiping,

Pokea salamu za baba yako, na uzipokee ukiwa umekaa maana ni nyingi. Hali yako vipi, na mumeo, na kifua cha Yaoyao? Kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima. Mama yako magoti yanamsumbua lakini ulimi wake haujambo kabisa. Mimi nina nguvu za fahali. Juzi nimepandisha gunia la mchele mpaka mlangoni kwetu bila kulitua, na yule kijana wa ghorofa ya pili nimempita kwenye ngazi anahema na kimkoba chake.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Unajua mimi na kalamu hatujawahi kupatana. Lakini simu yako inasikika sebule nzima, na kwenye sebule hiyo kakaa baba mkwe wako, Mzee Mai, na kikombe chake cha chai, na mjukuu wangu kampakata yeye. Haya ninayoandika si ya masikio yake. Yasome ukiwa jikoni.

Uliniuliza, kwa kuwa mtapata safari moja tu, ni majira gani mazuri ya kuja kuuona mji wetu. Na kabla sijafungua kinywa ukasema Mzee Mai ameshaulizia kwa watu, na jibu analo: mje Januari, kwenye majumba yanayojengwa kwa barafu ya mto wetu, na yeye atakuja ili amwonyeshe mtoto. Amwonyeshe! Mtu wa Foshan, huko kusini kwenye joto, ambaye barafu anaijua ndani ya glasi, aje kumwonyesha mjukuu wangu barafu ya mto wangu! Ndipo nikakata simu. Mama yako anasema nilikata kwa wivu. Nilikata kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Sasa jibu langu ni hili. Msije wakati wa barafu. Njooni Julai. Julai huko kwenu mnatokota kama viazi, huku jioni watu wanavaa shati la mikono mirefu na kukaa ukingoni mwa mto Songhua kula mahindi ya kuchoma. Yaoyao atacheza kwenye mchanga wa ng'ambo, nami nitamvusha kwa mashua. Ningeweza kusema Mei, maua ya zambarau yanaponukia kila mtaa, lakini upepo wa Mei una vumbi, na mtoto ana kifua. Vuli nayo nzuri, ila mama yako anakuwa na vita yake ya kabichi, kaziagiza rundo zima la kuchachusha, zimejaa ngazini, na mgeni yeyote anayeingia anapewa kisu. Januari ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu akitema mate hayafiki chini. Masikio yanakatika.

Mama yako aliposikia nasema hivyo aliacha kukunja jiaozi, vile vimfuko vya unga vyenye nyama, akanikodolea macho. Akasema, wewe mzee, tangu uliponiposa unaniambia kwamba asiyeuona mji huu Januari hajauona, leo Julai imekuonjesha asali gani? Nikamwambia akunje jiaozi zake. Akasema, ni Mai huyo, Mai anakukaa kooni kama mwiba wa samaki.

Haya, na awe mwiba. Nikufiche nini? Kila nikiongea na Yaoyao ni babu wa hapa kanifundisha kuogelea, babu wa hapa kanipikia uji wa samaki, babu wa hapa anajua majina ya ndege wote. Na lafudhi yake sasa ni ya kwao, nusu ya anayosema siambulii. Mimi kwake nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho Mzee Mai hawezi kukipika wala kukifundisha. Mimi ndiye babu anayesimama katikati ya mto na msumeno, anayeukata mto vipande vipande kama jibini ya soya. Kila Desemba alikuwa ananiuliza kwa simu, babu, umekata kipande kikubwa kiasi gani? Namwambia, kikubwa kuliko nyumba ya babu wa hapo. Anacheka mpaka anakohoa.

Sasa shika kiti, maana hili hulijui. Ile safari ya baba mkwe wako ya kwenda Beijing kumwona rafiki yake mgonjwa, hakuna mgonjwa wala Beijing. Alikuwa hapa kwangu.

Nilifungua mlango asubuhi nikamkuta amesimama, midomo ya bluu, kajifunga kikoti chembamba kama ngozi ya kitunguu, na viatu vya turubai vimelowa tope la theluji. Alifanya kosa la watu wa kusini wote. Aliambiwa ikifika Aprili baridi imekwisha, akaamini. Tena kaja wiki ile ile mabomba ya joto yalipozimwa. Nawe unajua, huku mabomba yanazimwa kwa tarehe, theluji ianguke isianguke, na kwa siku kadhaa ndani ya nyumba panakuwa na baridi kuliko barabarani. Akaingia, akavua viatu kwa adabu, akasema, mkwe, samahani kwa kuja bila taarifa. Kisha meno yakaanza kugongana akashindwa kuendelea. Mama yako alimtupia mablanketi yote mpaka ikabaki pua. Mimi nilifurahi, sitakudanganya. Nikasema moyoni, hebu mtambue mwenye mji.

Lakini mgeni haachwi agande. Nikampeleka hamamu. Alipoona wanaume wote uchi wanapiga soga kana kwamba wako sokoni alitaka kurudi mlangoni, akauliza kama hakuna chumba cha mtu mmoja. Wazee wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, ndugu wa kusini, hapa hakuna mtu anayekutazama, ulichonacho tunacho sote, tena vyetu vimezeeka zaidi. Nikamlaza kwenye benchi. Kumsugua mgongo nikakataa kumwachia mfanyakazi, nikavaa glavu ile ya kukwaruza mwenyewe, nikamsugua kwa nguvu za wivu wote ule mama yako anaosema ninao. Akalia, mkwe, unanisafisha au unanichuna? Nikamwambia, huu ni uchafu wa Foshan, umekaa miaka mingi.

Hapo ndipo aliposema kilichomleta, kalala kifudifudi, hanioni uso. Alisema yeye ndiye anayemlisha mtoto, anampeleka shule, anakesha naye akikohoa, na mtoto akiulizwa na watu babu yake ni nani, anajibu, babu yangu anakata mto. Shuleni kamchora babu mwenye msumeno. Yeye Mai hakuchorwa hata kwenye kona. Juzi mtoto kamwambia akija huku akamwona babu juu ya barafu, hatarudi tena kusini. Basi akaona aje kwanza peke yake amtazame huyo mtu anayemnyang'anya mjukuu bila hata kumfunga kamba ya kiatu.

Cuiping, nilisimama na glavu mkononi. Utamu ulionipanda ule sijawahi kuuonja, hata siku ya harusi yangu, na hilo usimwambie mama yako. Nikammwagia maji ya moto, nikamnunulia soseji na bia, na nikampeleka mtoni ajionee. Mwaka huu barafu ilichelewa kuondoka, vipande vya mwisho vilikuwa vinashuka na maji vikigongana. Nikamwonyesha kwa mkono wangu, pale ndipo tunapoanzia, pale tunapovutia kwa kulabu, kipande kile kilichosimama langoni mwa mji wa barafu nilikikata mimi. Naye anaitikia tu, anaitikia, amekuwa mdogo kama mwanafunzi.

Ndipo Pang akaniona. Unamkumbuka, Pang mkuu wa kundi letu la wakata barafu, msimu ukiisha anakwangua mashua pale ukingoni. Akapaza sauti, Mzee Guan! Mgeni wako huyo? Na msimu ujao utakuja tena kuota moto kwenye jiko letu, utukatie barafu kwa mdomo? Wenzake wakacheka. Hawakuwa na ubaya, hata sigara alinipa.

Sasa umesikia. Desemba iliyopita sikukata hata kipande. Pang aliniambia nipumzike, kwamba masikio yangu hayasikii tena barafu inapoanza kupasuka, na mtu asiyeisikia barafu hawekwi juu yake, ataua wenziwe. Nilimtukana. Kisha nikawa naenda hivyo hivyo kila asubuhi, naota moto kwenye jiko lao, narudi jioni, na Yaoyao nikamwambia kipande cha mwaka huu ni kikubwa kuliko vyote. Hata mama yako alikuwa hajui. Amejua leo, maana anasoma begani kwangu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa hii kanyamaza.

Baba mkwe wako unajua alisema nini? Tulitembea mpaka kwenye ngazi za ukingoni, nami nangoja anicheke, maana mimi ningemcheka. Akasema, mkwe, upepo wa huku mkali sana, sikusikia alichosema yule bwana. Kesho yake akapanda treni na viatu vyangu miguuni. Hata katika uongo mzuri kanishinda! Usiku huo sikupata usingizi kwa hasira. Mtu kaninyang'anya mjukuu kwa uji wa samaki, na sasa ana siri yangu mfukoni, ananistiri mimi, mbele ya mjukuu wangu! Sikubali. Ndiyo maana nimeshika kalamu, ulisikie kwangu kabla hajapata nafasi ya kuwa mwema zaidi.

Basi yale ya Julai yafute. Mleteni Yaoyao Januari kama anavyotaka mtoto mwenyewe. Nitamshika mkono, tutasimama ukingoni na watalii wengine tuwatazame kina Pang, nami nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba babu hakati tena. Mzee Mai naye aje. Lakini nitakapokuwa nasema, asimame mbali na sisi. Mtoto akilia, machozi hayo nitayafuta mimi kwanza.

Msalimie mumeo, mwambie apunguze sigara. Mbusu Yaoyao paji la uso, useme ni kutoka kaskazini. Mama yako anasema mlete samaki wakavu. Na Mzee Mai mwambie viatu vyake vya turubai vimekauka, viko hapa.

Ni mimi baba yako, mwenye afya na akili timamu,

Guan Fushan